Shangazi Aliyegawa Vyombo Vyake

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea hapo Kariakoo, naye alikuwa mpishi wa pilau za harusi. Alipoanza kutapika kila alichokula, tulimtania kwamba pilau yake mwenyewe imemchosha. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi, na utani ukatuishia.

Kwenye hospitali ya serikali, daktari wa Kizungu alimbonyeza tumbo akakuta uvimbe. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, alitufasiria: ni saratani, apasuliwe, mfuko wa tumbo ukatwe nusu. Asipopasuliwa, atakufa kwa njaa.

"Na akipasuliwa?" nikauliza.

"Wengine huamka, dada," alisema dresa, macho chini.

Shangazi akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kama mtu anayekwenda Hija. Kisha akagawa vyombo. Huyu alipewa mbuzi ya nazi, yule sinia, na ile sufuria kubwa ya shaba, roho yake hasa, akampa jirani wa chumba cha pili, ambaye walikuwa wakigombana naye kila asubuhi kwa zamu ya kufagia ua. Mimi nilikasirika. Nilimwambia anajizika mwenyewe.

"Hebu niondokee," alisema. "Maiti hapiki."

Basi, akaamka. Nililia pale wodini mpaka nikafukuzwa.

Kwa kuwa tumbo lilibaki dogo, alitakiwa ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ua mzima ukashika zamu: kikombe cha uji, kipande cha samaki wa Kivukoni, ndizi iliyopondwa. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu wetu aliukosoa kila uji. Chumvi haba, moto mwingi, nani kakufundisha kukoroga? Nilizipenda kelele zile kuliko taarabu.

Ila vyombo hakuna aliyevirudisha. Kitu ulichopewa pamoja na radhi, kukirudisha ni kama kuikataa radhi yenyewe. Naye kudai aliona haya. Nilipomhimiza anunue vingine, alijibu, "Vya nini? Vije kugombaniwa matangani?" Hapo nilijua bado anangoja kufa, na iliniuma.

Mwaka ulipotimia, daktari alimbonyeza tena, taratibu, akasema haoni kitu. Shangazi akataka kujua amebakiwa na muda gani. Daktari akasema hajui. Wengi ugonjwa huwarudia, na wapo ambao hauwarudii kabisa. Shangazi akashukuru, akajifunga kanga yake.

Tulipofika uani alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa jirani.

"Nipe sufuria yangu."

"Si ulinipa, dada?"

"Nilikupa nikidhani nakufa. Nina harusi ya kupikia."

Jirani akaingia ndani, akatoka nayo imefungwa kwenye kanga kuukuu. Alipoifungua, iling'aa. Mwaka mzima hakuwahi kuiweka motoni hata mara moja.

"Umechelewa kuifuata," alisema.

Shangazi akaketi kizingitini, akaipakata sufuria, akalia.