Mara ya pili kuomba urubani, nilisema sijaoa

Wakuu, nawasalimu nyote kutoka Kisumu.

Kama kuna siku moja ningepewa niirudie, ningechagua ile ambayo baba mdogo aliniambia nikaseme sijaoa, nami nikakubali. Ningemwambia hapana, nimalize chai yake, nirudi nyumbani kwa mke wangu.

Naandika kwa sababu juzi kijana mmoja aliuliza hapa kama kuna maana ya kuomba tena kazi ya urubani baada ya kukataliwa. Kijana, omba. Mimi niliomba tena na nikapata. Lakini nisome mpaka mwisho. Sitaongeza chumvi, iliyoko inatosha.

Miaka ya themanini, baada ya Form Six, nilipata kibarua cha kupakia mizigo pale uwanja wa ndege wa Kisumu. Ndege zilikuwa chache siku hizo. Ikitua moja, nilikuwa nasahau kazi namtazama rubani akishuka na mkoba wake, hadi msimamizi anikumbushe kwamba masanduku hayana miguu.

Shirika moja likatangaza nafasi za cadet, yaani vijana wa kusomeshwa urubani. Nikaomba, nikaitwa Nairobi.

Nikakataliwa.

Hesabu nilipita. Kilichoniangusha ni mdomo. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha najua, kila swali nalijibu kabla halijafika mwisho. Kapteni mmoja mzee aliyekuwa kwenye jopo alinifuata nje, akaniambia, "Kijana, kwa redio ukijibu kabla hujasikia, utaua watu. Kajifunze kunyamaza, halafu urudi."

Wengine hawapewi hata sababu, kwa hivyo namshukuru mpaka leo.

Nilirudi mtaani kwetu Kondele na aibu yangu. Vijana wa stage ya matatu walishanibandika jina. Nikipita tu, "Pilot, leo umepaki wapi?" Nacheka nao, naingia ndani.

Ndani alikuwepo Adhiambo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado hajaenda chuo. Nilimtoa kwao ng'ambo ya mto Sondu, tukaanza maisha kwenye chumba kimoja. Kwao tulikuwa tumepeleka ayie tu, ile zawadi ya kwanza ya mama mkwe ili akubali binti yake aende. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado. Watu wengi kwetu walianza hivyo na bado wanaanza hivyo. Mtaani alijulikana kama mke wangu, kanisani vilevile.

Yeye ndiye aliyenitibu ule ugonjwa wa mdomo. Nilikuwa nimeazima kitabu cha urambazaji, yaani jinsi rubani anavyopata njia angani, kutoka kwa rubani mmoja wa ndege ndogo. Jioni Adhiambo akitoka shule anakaa kitandani, ananisomea swali polepole kama anayesomea darasa la kwanza. Nikidakia kabla hajamaliza, anafunga kitabu na kwenda kupika. Haongei, haniangalii, anapika tu. Nangoja mpaka kesho.

Mwaka mzima tulienda hivyo. Mwisho nilijua kungoja. Yeye naye alijua mambo ya upepo na dira karibu kama mimi, ingawa hakuwahi kupanda ndege.

Tangazo likatoka tena. Safari hii liliongeza sharti: mwombaji awe hajaoa.

Nilienda Milimani kwa baba mdogo. Alikuwa karani mkubwa serikalini, mwenye gari, na ndiye aliyenilipia karo baba yangu alipofariki. Neno lake kwetu halikupingwa. Nikamweleza, nikidhani atanipa pole.

Akaniuliza, "Ng'ombe wangapi wamevuka Sondu?"

Nikasema hakuna.

"Basi umeoa nani? Mbele ya wazee wa msichana wewe ni mgeni aliyekunywa chai akaenda. Andika hujaoa. Hiyo si uongo, hiyo ni desturi."

Nilicheka. Wakuu, ilinifurahisha kweli. Nilikuwa natafuta mlango na mzee amenionyesha mmoja ambao hata mila inaubariki. Sikumuuliza mbona Krismasi alikuwa amemwita Adhiambo mke wetu.

Mpango ukawa Adhiambo arudi kwao hadi nimalize masomo, watu wa Kondele wasije wakasema. Nikishapata kazi, nipeleke ng'ombe kwa heshima, nimrudishe. Alikuwa na mimba changa wakati huo. Nilimweleza yote kwa haraka, kama zamani.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Na wakiuliza ni nani alikufundisha?"

Nilimwambia hawataniuliza hilo. Na kweli hawakuniuliza.

Alifunga vitu vyake. Ningeweza kusema baba mdogo alinilazimisha, lakini ni mimi niliyembebea sanduku hadi kwenye gari la Sondu.

Kwenye intavyuu yule kapteni mzee alikuwepo tena. Maswali yakaenda vizuri. Mwishoni akasema, "Naona hapa uko single. Ni kweli hujaoa?"

Nilingoja swali liishe kabisa, vile mke wangu alivyonifundisha. Halafu nikajibu, "Ni kweli, sir. Sijaoa."

Akatabasamu, akawaambia wenzake kwamba huyu amejifunza.

Nilichukuliwa. Tukapelekwa ng'ambo kusoma. Huko nikagundua mwenzetu mmoja, mtu wa Busia, alikuwa na mke na watoto wawili na aliwaambia ukweli. Walichomfanya ni kumwekesha sahihi kwamba ataishi hosteli kama sisi wengine. Basi. Usiku wa habari hiyo sikulala, na asubuhi bado sikwenda kusema lolote. Nilijiambia kumfukuza muongo ni rahisi kuliko kumfukuza mwenye mke.

Adhiambo alijifungua msichana nikiwa huko. Nilituma pesa na barua. Masomo yakaisha, nikasema ngoja nithibitishwe kazini kwanza. Hapo hakuna tena baba mdogo, wakuu. Hapo ni mimi peke yangu.

Miaka ya tisini ilipoanza, nikapangiwa safari yangu ya kwanza ya Kisumu. Tuliingia kutoka upande wa ziwa, maji yamefunikwa na magugu, nami nimekaa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, na yunifomu mpya. Sijui nani alimpelekea Adhiambo habari. Tuliposhuka, alikuwa kwenye ua wa uwanja amevaa nguo yake ya kanisa, amemshika mtoto mkono, na bakuli la samaki wa ngege wa kukaanga limefungwa kwa kitambaa. Kapteni wangu ndiye aliyemwona kwanza, vile alivyokuwa ananitazama.

"Bwana, hiyo ni familia yako?"

Kapteni huyo alikuwa karibu kuandika ripoti ya kunithibitisha. Nikasema, "Ni dada yangu, sir."

Adhiambo alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Uso wake haukubadilika. Alimpa kapteni mkono kwa adabu.

"Karibu Kisumu, kapteni. Ndio, huyu ni ndugu yetu. Tumeisomea sana hii kazi." Halafu akainama kwa mtoto. "Msalimie mjomba."

Mtoto akanyoosha mkono. Nikaushika.

Kapteni alikula samaki na kuwasifu. Alisema nina dada mzuri, aliyemwoa ana bahati. Mimi nilikula pia. Nilikula kwa sababu nisipokula angeuliza.

Wiki chache baadaye nikathibitishwa. Sikupoteza siku. Nilinunua ng'ombe, nikakusanya wazee pamoja na baba mdogo, tukavuka Sondu. Mkwe wangu, mzee mmoja mtulivu, mkulima, alitupokea vizuri. Tukapewa viti, tukapewa maji ya kunywa. Baba mdogo akaanza hotuba yake. Mzee akamwacha amalize, akanyoosha fimbo upande wa zizi.

"Hao mnaowaona ni wa mtu mwingine, waliletwa mwezi huu. Zizi langu ni dogo. Wenu nitawaweka wapi?"

Baba mdogo akasema kulikuwa na ayie, kulikuwa na mtoto.

Mzee akajibu, "Bwana mkubwa, mimi nilikaa miaka nikijua nina mkwe. Binti yangu ndiye aliyerudi kutoka kiwanja cha ndege akaniambia nina mwana. Karibu mwanangu, kula. Lakini mwana haleti ng'ombe kwetu."

Adhiambo hakutoka jikoni. Tuliswaga ng'ombe wetu kurudi, na watu wa soko la Sondu wakituangalia, maana ng'ombe wa mahari hawarudi.

Aliolewa na mwalimu mwenzake. Mtu mzuri, sina neno baya juu yake. Kwetu mtoto hufuata ng'ombe waliotolewa kwa mama yake, kwa hivyo binti akachukua jina la huyo mwalimu.

Nilirusha ndege hadi nikastaafu. Nilioa baadaye, na hao wa nyumbani kwangu nawaheshimu, sitawaleta hapa.

Funzo langu ni fupi. Kukataliwa mara ya kwanza hakuniharibia kitu. Kuliniongezea, kwa sababu kulinifanya nikae chini nifundishwe. Kilichoniharibia ni kile nilichokubali kuacha nyuma ili mara ya pili nisikataliwe. Mtu akikuletea uongo uliovalishwa mila, mshukuru kwa chai, ondoka.

Wenye yaliyowapata kama haya, andikeni hapa chini. Na anayetaka kunikemea anikemee tu, nitasoma yote.

Nilipata kazi niliyoitaka na nikaifanya maisha yangu yote. Kwa hiyo kazi nilimpoteza Adhiambo, na binti yangu, ambaye sasa ana watoto wake, ananiita mjomba.