Baba Loisi na Kipimo cha Vinasaba

Gerson ni fundi wa kupiga lipu, na nyumba nyingi mpya za Nzuguni zimepita mikononi mwake. Ni mtu wa maneno. Hupiga lipu huku akimtania mwenye nyumba, mkewe na hata mbuzi wao, na hakuna anayekasirika. Kwa hiyo siku aliyonyamaza hospitalini, Penina, mkewe, alijua kuna jambo.

Binti yao Loisi, wa miaka sita, alikuwa amekutwa na saratani ya damu. Daktari alieleza kwamba siku hizi kila mtoto mwenye ugonjwa huo hupimwa vinasaba kwanza, ndipo ichaguliwe dawa ya kumfaa. Gerson akakataa. Alipoulizwa sababu, akatazama dirishani, kisha akatoka nje.

Mimi simcheki. Huku kwetu ukitaja vinasaba, watu hawawazi dawa. Wanawaza baba halisi ni nani, na ndoa zilizovunjika kwa majibu ya namna hiyo.

Muuguzi Hilda, mama mtu mzima, alimfuata kwenye benchi la nje. Gerson akampa shikamoo, halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, huyu mtoto najua si damu yangu. Sitaki majibu yaje kumwambia hivyo. Wala mama yake asiaibike."

Hilda akamweleza taratibu. Kinachopimwa ni chembe za damu zilizougua, zimeharibika vipi, ili Loisi asipewe dawa kali kupita kiasi wala hafifu. Habari za baba hakuna anayezitafuta.

"Hata damu yako hatuichukui, Baba Loisi."

Gerson akajifuta machozi kwa kofia yake yenye saruji. Akasema wapime.

Majibu yalileta nafuu. Ugonjwa ulikuwa wa aina inayosikia dawa vizuri, ingawa matibabu yangekuwa marefu. Loisi akaanza dawa. Jioni ile mtoto alipolala, Penina, ambaye siku ya benchi alikuwa amesimama mlangoni na kusikia kila neno, hakuweza tena kulibeba peke yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mimba yake."

"Na hukuniuliza."

Gerson alikuwa akimkanda Loisi miguu, polepole asimwamshe.

"Nilingoja azaliwe ndipo nikuulize," alisema. "Kazaliwa, kanishika kidole. Nikasahau nilitaka kuuliza nini."