Mama Pindo na Kiti Kilichogoma Jioni

Wifi yangu tunamwita Mama Pindo kwa sababu hajawahi kuona pindo la mtu mwingine akalisifu. Ni fundi cherehani, miguu ilimwacha zamani, na mdomo ukachukua kazi ya miguu. Anatembelea kiti cha umeme. Tunashona chumba kimoja, basi msimhurumie yeye, nihurumieni mimi.

Kiti kilianza kugoma. Asubuhi kinamleta kazini kama bibi harusi, jioni akikikalia kinapiga mlio tu, hakisogei hata kucha. Mwanawe, dereva wa lori, analazimika kuacha mzigo njiani aje kumsukuma. Siku moja akachoka.

"Mama, kikigoma tena nakiuza. Utakaa nyumbani, nitakuletea nguo ushonee kitandani."

Kushonea kitandani! Wifi akakata uzi kwa mkasi kama anakata shingo ya mtu, nami nikaogopa kwelikweli.

Tukamwita Waya, fundi redio wa mtaa. Akija, kiti kinapona. Akiondoka, kesho yake jioni kimegoma. Wifi naye hakukaa kimya: alitia mafuta ya cherehani kwenye kile kijiti cha kuongozea, kikawa kinateleza kama sabuni. Kisha akakaza springi za magurudumu, eti kitambaa kikilegea unakaza uzi. Siku hiyo alipita kwenye mtaro akaruka hadi meno ya bandia yakamtoka, tukayasaka kwenye nyasi.

"Nani kakaza hizi?" Waya aliuliza.

"Mimi. Zilikuwa zinanesa."

"Mama, kazi yake ni kunesa! Gurudumu likiingia shimoni, springi inameza kishindo. Ukiikaza, kishindo unameza wewe."

Akazilegeza, akafungua kifuniko cha nyuma. Betri mbili zimejaa. Nyaya zimeshika. Kisanduku kinachopokea amri ya kijiti na kuipeleka kwenye mota kizima. Mota nazo nzima. Akarudisha kila kitu, akakijaribu, kikaenda. Waya akajikuna kichwa. "Labda kina mashetani," akasema. Fundi gani huyo, jamani?

Mwanawe alikuwa njiani kuja na mnunuzi. Wakati tunamsubiri, mteja akaingia na suruali iliyofumuka. Wifi akahamia kwenye kigoda chake, akashona, akainua kwa wenzo ule mguu wa cherehani unaobana nguo, kama kila fundi afanyavyo akimaliza. Halafu, macho yakiwa kwa mteja, mkono ukashuka pembeni ya kiti chake cha umeme, ukainua wenzo karibu na gurudumu. Taratibu, kama anafunga kazi.

Leo kiti kiliachwa penye mteremko, kikaanza kuteleza chenyewe, kikamgonga mteja matakoni.

"Umefanya nini?" Waya akapiga ukelele.

"Nimeinua mguu. Kazi imeisha."

"Huo wenzo unaachanisha mota na gurudumu! Ni wa kusukumia! Ukiinuliwa hakiendi wala hakina breki! Mimi kila nikija naushusha, nadhani mwanao ndiye kauinua akikusukuma!"

Miaka arobaini ya cherehani, mkono umezoea kuinua, ukaona wenzo, ukainua. Nilicheka hadi nikakaa chini. Wifi akanitazama kama sindano, kisha naye akacheka, machozi yakimtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Mwanawe akafika na mnunuzi wake. Wifi akasogezewa kiti, akajihamisha, akashusha wenzo, akawasha. Akatoka mlangoni. Tukamfuata. Kwenye mtaro mwanawe akakimbilia kumshika mgongoni.

"Toa mkono."

"Mama, utaanguka."

"Toa mkono, nimekwambia."

Akautoa. Kiti kikazama, springi zikameza, kikaibuka upande wa pili. Wifi akaongeza mwendo, akapotea kwenye kona.

Mnunuzi akauliza bei. Mwanawe alibaki na mkono hewani, hajui aucheke au aulilie.

"Kiti hakiuzwi," akasema hatimaye.

"Na wewe kimbia," nikamwambia. "Ufunguo wa nyumba anao yeye, na kwa furaha ile akifika anajifungia ndani, wewe ulale kwenye lori."