Mlio Kwenye Sakafu ya Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini Shinyanga, Mkaguzi Mkuu alinikabidhi kipima mionzi, akaniambia nikiwashe pale pale uani. Kikaanza kulia: ti, ti-ti, ti. Nikaruka nyuma.

"Binti, hakuna kilichofukiwa," akasema. "Hiyo ni ardhi yenyewe. Udongo wote una chembe za urani na thoriamu. Mionzi yake ilikuwapo kabla ya babu wa babu yako."

Ardhi hiyo nilikuwa nimeikanyaga tangu utotoni nikidhani ni bubu.

Kazi yetu ilikuwa kupima mionzi hiyo ya asili kuzunguka machimbo ya dhahabu, maana mchimbaji hutoa mawe ya chini kabisa na kuyaacha juu, karibu na watu. Tulichota udongo, tukaukausha, tukauchekecha na kuufungia kwenye makopo ya maabara. Nilihamishiwa Masumbwe, kisha Geita, na huko nikamkuta tena Mkaguzi Mkuu, safari hii ana mvi na kitambi.

Balaa lilitukuta nje kidogo ya Katoro, kwa Mama Kulwa, mjane mwenye mapacha. Sakafu yake aliikandika kwa marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Nilipoinamisha kipimo, kililia kwa kasi. Sasa watu wa kule wamezoea detekta ya dhahabu: ikilia, unachimba. Kabla sijafungua mdomo, shemeji yake alikuwa mlangoni na sururu, na majirani nyuma yake.

"Mama Kulwa, toa watoto! Nyumba ya kaka imekalia mali!"

"Ukiibomoa nitalala wapi, shemeji?" Akaketi katikati ya chumba, akagoma kuinuka.

Mkaguzi Mkuu hakubishana. Alichukua kipimo, akauongoza umati hadi kwenye jabali nyuma ya nyumba, ambalo wachimbaji walishalipasua wakaambulia patupu. Kikalia kwa kasi zaidi kuliko ndani.

"Haya, bwana sururu, anzia hapa."

Watu waliangua kicheko, shemeji akaondoka amenuna.

Mama Kulwa hakucheka. "Kama si dhahabu, basi ni sumu? Wanangu wanalala hapa."

Mkaguzi Mkuu alimjibu kwamba hajui, tusubiri maabara. Kusubiri kule kulinitesa hata mimi. Majibu yalipotoka nilimpelekea mwenyewe: mionzi ya sakafu yake ilikuwa ya kawaida kwa nchi hii ya majabali. Nikamsihi tu aifunike kwa udongo wa kichuguu, maana kwenye marudio cha kuogopwa ni zebaki ya kunasia dhahabu.

Alishusha pumzi. "Na huo mlio, utaisha lini?"

"Hautaisha, mama. Tutaisha sisi kwanza."

Akainama, akaweka kiganja sakafuni. Kisha akasema polepole, "Shikamoo."

Sasa nimestaafu, naishi Kalangalala, hapa Geita, na mashine nimeirudisha ofisini. Lakini asubuhi nikishusha miguu kitandani na kugusa chini, huwa natulia kidogo kabla ya kusimama, nikisubiri kuitikiwa marahaba.