Nyoka Wangu Aliyefunga Ramadhani

Baada ya uhuru wa Madagaska nilinunua chatu mnene kule kisiwani Nosy Be, anikamatie panya dukani kwangu Mahabibo, mtaa wa mji wa Mahajanga, nikamwita Bwana Mkubwa. Kufika Mahajanga akagoma kula. Kila panya niliyemwekea alimpa kisogo. Kwa kuwa mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama, mimi mjuaji nikatangaza kwamba nyoka wangu amefunga. Majirani wakaja kumtazama, nami nikawahutubia juu ya subira yake.

Siku ya Idi watu walijaa dukani kumwona akila. Nikafunua kapu kwa madaha. Bwana Mkubwa alikuwa amezungukwa na vitoto vyake, vinajinyonganyonga; kumbe chatu wa Madagaska hatagi mayai, huzaa.

“Watoto wanne nimekuzalia,” mke wangu akasema kwa Kingazija mbele ya wote, “na bado hujui mwenye mimba anavyokataa chakula?”