Nilivyojifunza kumpiga risasi baba yangu mdogo kwenye game, Kisii town

Wakuu, hamjambo nyote, wa Nairobi, wa Dar na wale mnasoma kimyakimya bila kucomment.

Nimeona vijana humu wanalia kila siku. Aim yangu mbaya, mouse yangu ni ya bei rahisi, internet inakwama, chair yangu si ya gaming. Nikasema leo wacha huyu mama wa watoto watatu awape story yake ya miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nikitia chumvi hata chembe moja, chai yangu yote ya Gesima ikauke.

Kiswahili changu ni cha Kikisii, L na R zikipishana njiani mtanisamehe.

Twende.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nimemaliza form four, nimekaa nyumbani Gesima nachuna chai ya baba miaka mitatu mizima. Baba akakubali niende kusoma computer Kisii town, miezi mitatu, halafu nirudi shambani. Alisema hivyo wazi. Ukimaliza unarudi, kikapu chako kitakuwa pale pale nyuma ya mlango.

Mimi kurudi kwa kikapu sikutaka kabisa. Shikeni hapo.

College yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Wahindi. Kijana wao, Hitesh, ndiye alikuwa mwalimu. Amezaliwa Kisii, Ekegusii yake ilikuwa safi kuliko ya watoto wenu wa siku hizi. Unapanda ngazi unanusa udi wa mama yake, unafungua mlango unakuta computer sita zimepangwa duara, migongo ya monitor ikitazamana. Ukikaa humwoni mwenzako, unamsikia tu.

Hitesh alikuwa ameziunganisha zote sita na cable. Na ndani yake alikuwa ameweka game ya bunduki. Mnakimbia kwa nyumba kubwa yenye korido, mnatafutana, ukimpata mwenzako unampiga, anafufuka upande mwingine, point ni yako.

Msicheke. Hiyo ndiyo online yetu ilikuwa. Internet Kisii wakati huo tuliisikia kwa redio.

Kila siku tukimaliza kuandika barua na kupiga hesabu kwa computer, Hitesh anatupa saa moja ya game. Alisema inafundisha mikono kuzoea mashine. Mimi naona alipenda tu mchezo, lakini hata sikumuuliza.

Siku ya kwanza nilikuwa takataka, wacha niwe mkweli. Naangalia keyboard, nikiinua macho nimekufa. Naangalia mouse, nikiinua macho nimekufa. Nilishika mouse kwa mikono miwili kama mtu anashika sungura asitoroke. Vijana wawili wa town walicheka mpaka wakakohoa. "Mama chai, rudisha kikapu!" Nilikasirika nikasikia masikio yanawaka.

Weekend nikarudi Gesima nikiwa na hasira hiyo.

Ijumaa jioni jua likizama kwetu ni Sabato, sisi ni Waadventista, hakuna kazi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Lakini Jumapili asubuhi nilikuwa shambani kuchuna. Na hapo ndipo nilishtuka mwenyewe.

Mtu akichuna chai haangalii vidole vyake. Ukiangalia vidole utajaza kikapu mwaka kesho. Mikono yote miwili inakata majani mawili na kichipukizi, kila mkono na kazi yake, na macho yako tayari yako kwa mti unaofuata. Macho yanatangulia, mikono inafuata.

Nilisimama katikati ya mistari nikajiambia, wewe Bosibori, hii kazi si unaijua?

Nikatengeneza computer yangu. Nilichukua carton ya mafuta ya kupika, nikachora keyboard kwa biro. Mouse nikapata kipande cha jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago, la binamu yangu mchongaji. Lilitoshea kiganja vizuri sana. Nikakaa mezani, mkono wa kushoto kwa carton, wa kulia kwa jiwe, macho nimeyaweka kwa picha ya kalenda ukutani. Mlango wa nyumba kwenye kalenda, geuka. Dirisha, geuka. Kidogo tu, bila kurusha mkono.

Mama yangu alipita akaniona nasugua jiwe naangalia ukuta. Akarudi jikoni akaanza kuniombea kwa sauti.

Lakini wakuu, ilifanya kazi! Wiki ya tatu nilikuwa nawapiga wale vijana wa town mmoja baada ya mwingine. Nilijua korido zote. Nilijua nikisikia hatua upande wa kushoto nisikimbie kuangalia, niweke bunduki mlangoni nisubiri mtu ajilete. Mama chai ikaisha midomoni mwao. Walianza kuniuliza nafanyaje, nikawaambia mchune chai.

Shida ilibaki moja tu. Nayo ilikuwa na jina.

Kati ya wanafunzi sita alikuwa Nyakundi. Baba yake na babu yangu ni ndugu, tumbo moja. Kwa hiyo Nyakundi ni baba yangu mdogo, tata omoke kwa lugha yetu, hata kama alinizidi miaka minne tu. Alikuwa karani kwa kituo cha kupimia chai, mtu wa shati iliyopigwa pasi.

Kwa wasio Wakisii niwaelezee. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima na aibu pamoja, kati yako na kizazi cha wazazi wako. Na baba hamtaniani. Humkodolei macho. Mkikutana njiani unasogea kando, unainamisha macho, anapita. Na baba mdogo ni baba, hata awe mtoto mchanga.

Sasa Nyakundi aliandika jina lake kwa game, NYAKUNDI, herufi kubwa, likielea juu ya kichwa chake. Mimi sikuwa nimeandika kitu, nilikuwa Player 4. Wengine pia hawakuandika, walikuwa Player na namba tu, kwa hiyo yeye hakujua Player 4 ni nani. Mimi nilijua vizuri NYAKUNDI ni nani.

Mnajua nilifanya nini nikikutana naye kwa korido?

Nilishusha bunduki, nikasogea kando, nikageukia ukuta mpaka apite.

Naapa! Mkono wenyewe ulikataa. Kidole kiko kwa mouse, jina la tata liko mbele yangu, mwili wote unakuwa baridi. Naye akiniona nimesimama vile ananimaliza kwa mgongo, bang, anacheka nyuma ya monitor yake, "Huyu Player 4 amelala!"

Na kumwambia sikuweza. Ungeanzia wapi kumwambia tata kwamba unaona aibu kumpiga risasi?

Zikabaki wiki mbili course iishe. Hitesh akatangaza. Anataka mtu mmoja wa kushika ufunguo wa chumba, kufungua asubuhi na kufundisha wanafunzi wapya, kazi kabisa. Barua na hesabu sote tumepita, kwa hivyo ataamua kwa game. Jumapili, duka likiwa limefungwa. Wa kwanza kufika point ishirini.

Ule ufunguo ulikuwa kubaki town. Bila ufunguo, ni kikapu nyuma ya mlango.

Hitesh akanivuta kando akaniambia kwa Ekegusii, polepole. "Nimekuwa nikiangalia screen yako. Unawapiga wote. Mbona Nyakundi unamwamkia?"

Niliona haya mpaka machozi yakanilenga.

Jumamosi hiyo baada ya kanisa nilikaa na magokoro, yaani nyanya, mama yake baba. Kwa nyanya hakuna ensoni. Nyanya na mjukuu wanataniana vile wanataka, hata matusi madogo yanaruhusiwa. Kwa hiyo nikamwambia yote. Computer, bunduki, ukuta, ufunguo.

Alicheka akashika mbavu. Halafu akauliza, "Hiyo bunduki inatoa damu?"

"Hapana magokoro, ni picha tu. Ukipigwa unaamka upande mwingine."

"Na huko ndani kila mtu ana jina?"

"Ndiyo. Mimi sikuandika langu."

Aliniangalia kama mtu anaangalia ng'ombe mjinga. "Kwani jina lako uliliokota sokoni? Wewe ni Bosibori. Bosibori alikuwa mama mkwe wangu, na ndiye nyanya ya huyo Nyakundi wako. Alimbeba mgongoni. Alimwita bwana yake mdogo, akamnyang'anya ndizi, akamkimbiza uwanja mzima wakicheka. Tangu lini Bosibori akaona aibu mbele ya Nyakundi?"

Akanigusa bega kwa kidole.

"Andika jina lako," akasema. "Halafu umkimbize."

Wakuu, kwetu jina la marehemu si pambo. Ukipewa jina la mtu, watu wazima wanakuita vile walimwita yeye. Kuna dada zake babu walioniita mama tangu nikiwa na kamasi. Nilijua hayo maisha yangu yote. Sikuwahi kufikiria yanaweza kuingia kwa computer.

Jumapili ikafika. Mvua ya Kisii ya mchana ilikuwa imeanza kupiga mabati. Tukakaa sita, kila mtu nyuma ya monitor yake. Nikapangusa mikono kwa sketi. Game ikauliza jina.

Nikaandika BOSIBORI.

Kisha nikasikia sauti ya Nyakundi kutoka upande wa pili, imebadilika kabisa, imekuwa ya mtoto.

"Magokoro? Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Na leo ndizi zako nakula zote."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Nyakundi alicheka kuliko wote. "Uje, mwanamke mzee! Hata mbio huna!"

Wee! Hapo ndipo mimi nilianza kucheza.

Nilimpiga point ya kwanza kwa ngazi. Akanipiga mbili. Wale vijana wa town walibaki nyuma mapema, wakaacha hata kucheza, wakaja kusimama nyuma yetu. Nyakundi alikuwa mzuri, nisimnyime haki yake. Alikuwa na mkono wa haraka kuliko wangu. Kumi kwa kumi. Kumi na tano kwa kumi na nne. Na matusi ya nyanya na mjukuu yakiruka juu ya monitor, "Meno yako yalienda wapi, magokoro?" "Yamebaki kwa shingo yako!" Hitesh alikuwa amekaa chini analia kwa kucheka.

Kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Nikasikia hatua zake, anakuja mbio kwa korido ndefu. Mkono wake wa haraka ungenishinda tukikutana uso kwa uso, hilo nililijua. Nikaacha kumtafuta yeye. Nikaweka macho pale atakapotokea, kwa mlango, kwa kimo cha kifua. Mti unaofuata. Mikono nikaiacha itulie.

Akatokea. Nikabonyeza mara moja.

Ishirini.

Nilipiga kelele mpaka mama yake Hitesh akapanda ngazi kuona nani amekufa. Niliruka, nikagonga meza, nikalia, nikacheka, yote kwa pamoja. Miaka mitatu ya kuitwa mtu wa kikapu ilinitoka siku hiyo.

Halafu Nyakundi akazunguka meza akaja mbele yangu. Na mimi, mazoea ni mazoea, nikainamisha macho nikasogea kando apite.

Hakupita. Akasema, "Magokoro, inua macho. Umeshinda."

Nikainua. Akanipa mkono. Hitesh akanipa ufunguo, umefungwa kwa kipande cha kitambaa chekundu cha dukani kwao, kisha akawaambia watu wote habari ya Player 4 na ukuta. Nyakundi alikaa chini, akashika kichwa. "Kumbe nilikuwa nampiga mtoto wa watu akiniheshimu!"

Jioni ile ni yeye mwenyewe alienda Gesima akamwambia baba kwamba mimi sirudi kuchuna. Tata kwa tata. Baba alisikia. Nilifundisha computer kwa kile chumba miaka sita, na kikapu akapewa kaka yangu.

Sasa nyinyi wa mouse za taa za rangi. Nililojifunza ni hili. Macho yatangulie, mikono ifuate, na hiyo unaweza kuifanyia mazoezi hata kwa jiwe na carton. Lakini kabla ya mikono, chunguza ni nini ndani yako kinachokugeuza ukutani. Wengi wenu aim yenu haina shida yoyote. Kuna mtu mnamwogopa tu. Na mimi heshima yangu sikuitupa ndiyo nishinde, nilitafuta mlango ndani yake.

Nyakundi sasa ana mvi na wajukuu wake. Mwezi uliopita tulikutana Gesima, kwa njia ya kituo cha chai. Nikainamisha macho kama kawaida, nikasogea kando.

Akasimama akaniangalia, akasema, "Player 4, leo ukuta uko wapi?"

Haya, nimemaliza. Na wewe, ni nani alikuwa anakugeuza ukutani? Semeni hapo chini, nasoma zote, na wale vijana wa town kama mko humu pia nawaamkia.