Nitalala Mtama Ukiiva

Chumba nilichopewa kwenye kambi ya shamba la ngano kilikuwa cha mwisho katika safu, na dirisha lake lilitazama shamba dogo la mtama. Siku ya kukabidhiwa ufunguo niliona nimependelewa. Wenzangu dirisha lao lilitazama vyoo.

Kazi yangu ilikuwa kulinda tangi la dizeli usiku. Kabla ya hapo nilikuwa nimepasua mbao Endagikot, nimefyatua matofali Mbulu mjini, nimebeba magunia Dongobesh kwa mwenye duka aliyenilisha vizuri na kunichosha vizuri zaidi. Sikukaa popote. Hata shule niliiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alifundisha kitu kile kile mpaka wote waelewe, nami nikishaelewa nilitaka kujua kilicho nyuma ya kile kilima. Nyuma ya kilima kulikuwa na kilima kingine, na ndivyo nilivyofika Hanang.

Huku nilitaka kukaa, na sababu ilikuwa kombaini. Niliiona mara ya kwanza nikiwa barabarani karibu na Hirbadaw, inameza ngano kwa mbele na kutupa makapi kwa nyuma, imezungukwa na vumbi lake yenyewe. Nilisimama pale mpaka gari nililokuwa nimeomba lifti likaniacha. Nilitaka kujua ni wapi ndani ya lile tumbo punje inaachana na bua. Msimamizi wa kambi aliniambia hivi: mlinzi atakayefika mavuno bila kukutwa amelala atapandishwa kombaini kama msaidizi wa dereva. Atakayekutwa amelala anarudisha koti na tochi asubuhi hiyo hiyo.

Basi ili nipande kombaini nilihitaji macho usiku, na ili nipate macho usiku nilihitaji usingizi mchana. Hesabu rahisi hata kwa mtu wa darasa la tano.

Mtama ulikuwa umeanza kujaza punje. Asubuhi ya kwanza nilivua viatu, nikajifunika blanketi mpaka kichwani, na kabla sijapata joto debe likalia. Halikulia kama debe la mtu anayepita. Lilipigwa kwa fimbo, kwa nguvu, likanyamaza kidogo kama linalovuta pumzi, likaanza tena. Upande wa pili wa shamba mtu mwingine alijibu kwa mjeledi wa magome uliopasuka kama risasi. Katikati ya hizo sauti mbili kulikuwa na kelele za midomo, ndefu, zinazopanda. Nilitoka nje nimevaa blanketi nikaona kundi la kwelea kwelea linainuka kutoka kwenye mtama, linageuka hewani kama shuka linalokung'utwa, na kushuka tena palepale lilipotoka.

Wapigaji walikuwa mama mmoja wa makamo na mkwe wake, mke wa mwanawe. Ndege wanaamka na jua na wanalala na jua, kwa hiyo na wao vilevile. Mimi nilikuwa kazini saa walizolala na kitandani saa walizopiga.

Nilijaribu pamba masikioni. Nilijaribu kulala chini ya kitanda. Nilihama na blanketi hadi kwenye nyasi nyuma ya karakana, mafundi wakanifanyia mzaha siku nzima. Usiku nilizunguka tangi bila kusimama, maana nikisimama tu nilisinzia. Nilijiweka macho kwa kumulika tochi ndani ya kombaini zilizoegeshwa uani, nikihesabu mikanda na kubahatisha kila mmoja unazungusha nini.

Siku moja nikaenda kwa mama yule. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kupiga. Nikamweleza kazi yangu, na kwamba nikikutwa nimelala ninafukuzwa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Kijana, ninyi mna eropleni ya kuwanyunyizia ndege hawa dawa. Mimi nina debe."

Mkwe wake akacheka, akauliza kama kwetu hawalimi mtama, au watoto wa kwetu wanazaliwa wakiwa wameshiba. Nikasema kwetu tunalima mahindi, ndege hawana shida nayo. "Basi rudi kwenu ukalale," akasema, na mjeledi ukapasuka juu ya kichwa changu. Mama akamkaripia kwa lugha yao. Akaniletea togwa kwenye kibuyu, nikanywa nimesimama, nikarudi chumbani na tumbo limejaa na macho makavu.

Hasira ilinipeleka kwa msimamizi. Nilimkuta anakagua matairi. Nikamwambia, mzee, silali mchana, kuna kelele. Akaniuliza kelele za wapi. Kabla sijajibu akanyoosha kidole kuelekea dirishani kwangu.

"Ni wale wa mtama? Kile kipande ni chetu. Kigingi cha mpaka kiko ng'ambo, kwenye korongo. Tunawaachia tu kwa sababu trekta haigeuki vizuri pale. Wewe sema neno, kesho napitisha haro nakilima chote, utalala kama mtoto."

Alisema kwa wema. Ndicho kilichonichanganya. Alikuwa ananisaidia, kama mtu anayekuondolea mwiba. Niliuona mtama ukilazwa na haro, vichwa bado vibichi, na debe limenyamaza kwa sababu hakuna tena cha kulinda. Niliuona pia usingizi, na kombaini ikinisubiri baada yake. Niliupima usingizi huo muda mrefu kuliko inavyopendeza kusema.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ni redio tu."

Akataka kujua redio ya nani. Nikasema sijui, sauti inakuja na upepo. Akaniangalia kama anayepima mafuta kwenye injini, akarudi kwenye matairi yake.

Sikuwa mwema baada ya hapo. Nililala kitandani nikimlaani mama yule, debe lake, mkwe wake na togwa lake. Nilikasirika zaidi kwa kuwa yeye hakujua nimemfanyia nini. Kila jioni nilipita ukingoni mwa shamba nikaminya vichwa vya mtama kwa vidole nione kama vimekauka. Vilitoa maziwa.

Nilikutwa kunapambazuka. Nilikuwa nimeegemea tangi, tochi mkononi inawaka. Msimamizi hakupiga kelele. Alichukua tochi, akaizima, na ule mwanga kuondoka usoni ndio ulioniamsha.

"Mchana unalala wapi wewe?" akauliza.

Nilijua ananifungulia mlango tena. Debe la kwanza la siku lilikuwa linaanza ng'ambo, na yeye alilisikia kama mimi.

"Nalala vibaya tu, mzee. Nimezaliwa hivyo."

Nikavua koti.

Nilifunga mzigo wangu nikaenda mtamani kumwambia mama kuhusu kigingi, avune mapema, asisubiri. Mkono wake ulisimama kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kigingi tunakijua," akasema. "Kilipopigwa, mume wangu alikuwa amesimama hapo ulipo. Hapa alilima baba yake. Ungetaka tuwaachie ndege kwa ajili ya kijiti?"

Akaniuliza kama nimefukuzwa, nikasema ndiyo. Mkwe wake safari hii hakucheka. Mama akanionyesha kibanda chao cha majani katikati ya shamba, akasema sina tena usiku wa kulinda, basi nilale. Nililala mita chache kutoka kwenye debe mpaka jioni, wala sikulisikia. Mpaka leo sijajua kwa nini.

Nikakaa kwao siku kadhaa, maana mkwe alikuwa na mimba na mjeledi ulimchosha. Mama akanipa debe. Nikajifunza kwamba ukilipiga mfululizo ndege wanalizoea, na ukinyamaza kidogo wanashtuka zaidi. Ndiyo maana nilikuwa sipati hata dakika ya kulizoea.

Asubuhi moja nikiwa katikati ya kupiga, mlango wa chumba changu cha zamani ulifunguliwa. Alitoka kijana nisiyemfahamu, amevaa lile koti, macho yamevimba. Alinitazama mimi na debe langu. Kisha akageuka kuelekea ofisini kwa msimamizi.

Niliweka debe chini nikakimbia. Nilimpata karibu na karakana, nikamshika mkono, nikamwambia kila kitu nilichokueleza hapa, ila kwa haraka zaidi. Aliniuliza kama ni kweli kuhusu kombaini. Nikasema kweli.

"Na hii kelele itaisha lini, kaka?"

"Mtama ukiiva."

Hakuniahidi kitu. Nyuma yetu debe lilikuwa limenyamaza, na ndege walikuwa wameshashuka. Alisimama akiangalia shamba, uso umejikunja kwa jua, kama mtu anayetafuta kujua mtama umebakiza siku ngapi.